Kabati la Dar es Salaam: shajara ya mradi wetu wa vitabu

Jumamosi, 11 Januari 2025

Kabati limefika leo asubuhi. Fundi seremala wa Buguruni amelileta kwa guta, limezungushiwa magunia ili vioo visigonge vyuma. Lina tabaka nne na milango miwili, na kitasa kinafunga sawasawa. Tumelisimamisha kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya bibi, hapa Ilala. Zamani chumba hiki kilikuwa duka. Dirisha la kuuzia bado lipo, na ubao wake wa kuwekea bidhaa. Bibi hatudai kodi. Ameweka sharti moja tu: watoto wa mtaa wasifukuzwe, hata asiyesoma aachwe akae kivulini.

Naandika hapa ili tusije tukasahau tulichokusudia. Kabati hili ni la vitabu vinavyoihusu Dar es Salaam, basi. Majengo yake, historia yake, na maisha ya watu wake ya kila siku. Tuko watano: mwalimu mstaafu wa sekondari, binti anayesomea usanifu majengo, fundi umeme, mama mmoja mwenye mgahawa ambaye amesoma riwaya za Kiswahili kuliko mtu yeyote ninayemjua, na mimi mwenye kibanda cha kuchapa na kutoa kopi. Kila mmoja anatoa shilingi 20,000 kwa mwezi.

Mradi ulianzia kibandani kwangu. Mwaka jana kijana wa kidato cha tatu alikuja kuchapa kazi ya shule kuhusu mitaa ya Dar, akaniuliza jina la Kariakoo limetoka wapi. Nikamwambia kwamba Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, eneo lile walilifanya kambi ya wapagazi wao. Kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps, na watu wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao: Kariakoo. Akaniuliza, "Imeandikwa kwenye kitabu gani, niweke?" Kitabu nilikijua, ila ni cha Kiingereza, cha zamani, na kiko maktaba ya chuo kikuu. Sikuwa na cha kumpa mkononi. Akashukuru, akaondoka, na swali lake likabaki na mimi.

Vitabu kabatini leo: vitatu.

1 Februari

Wiki tatu za kutafuta. Kilichonifurahisha zaidi ni toleo namba 71 la jarida la Tanzania Notes and Records, la mwaka 1970, lililohaririwa na J.E.G. Sutton. Toleo hilo zima ni la Dar es Salaam: mji, bandari na maeneo yanayouzunguka. Tumelipata mjini kwa muuza vitabu vya mitumba anayepanga bidhaa yake chini, kando ya njia. Alianza na 60,000. Mwalimu alilishika kwa mikono miwili muda mrefu mno, muuzaji akamsoma uso, na kuanzia hapo hakushuka chini ya 45,000. Mgongo wa kitabu ulikuwa umeshikwa kwa gundi ya mbao. Nimeubandua polepole kwa mvuke wa birika na kuujalidi upya.

Kipya tulichonunua ni kile cha mwaka 2007 kilichohaririwa na James Brennan, Andrew Burton na Yusuf Lawi, Dar es Salaam: Histories from an Emerging African Metropolis, kutoka Mkuki na Nyota. Ni makala za waandishi mbalimbali, kwa hiyo mtu anaweza kuanzia anapopenda. Fundi umeme alikwenda moja kwa moja kwenye makala ya Tadasu Tsuruta kuhusu Simba na Yanga, akaisoma jioni kwa jioni, kamusi pembeni. Sasa anawaeleza wateja wake kwamba huwezi kuelewa Yanga ya 1935 na timu iliyojitenga nayo mwaka uliofuata bila kuelewa mitaa ya Kariakoo na nani aliishi na nani.

Tumepata pia Street Level ya Sarah Markes, ya 2011, ambayo ni michoro ya majengo ya katikati ya jiji pamoja na watu wanaopita chini yake: muuza kahawa, fundi cherehani kwenye kibaraza, nyaya za umeme zimejikunja juu ya madirisha ya Kihindi. Baadhi ya majengo hayo hayapo tena. Na cha Kiswahili, kitabu cha Mohamed Said kuhusu maisha na nyakati za Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi wa chama cha TANU. Hicho wazee wa mtaa walikigombea siku ileile, maana humo mitaa inatajwa kwa majina yake ya zamani na watu kwa majina ya baba zao.

Ambacho hatukukipata kwa fedha yoyote ni kitabu cha J.A.K. Leslie, A Survey of Dar es Salaam, kilichotoka mwaka 1963 kutokana na utafiti uliofanywa katikati ya miaka ya 1950. Kwa maoni yangu hakuna kitabu kilichoyatazama maisha ya uswahilini Dar kwa karibu kama hicho, japo kiliandikwa na ofisa wa serikali ya kikoloni kwa haja za serikali hiyo, na ukikisoma inabidi ukumbuke hivyo kila ukurasa. Mwalimu ameomba ruhusa ya kukaa kwenye chumba cha East Africana, yaani cha vitabu vya Afrika Mashariki, katika maktaba ya chuo kikuu, Mlimani, aandike maelezo kwa mkono wake.

15 Februari

Kazi ya kadi imeanza. Tumekubaliana kwamba kila kitabu cha Kiingereza kitakuwa na kadi ya manila ya Kiswahili ndani ya jalada. Upande wa mbele unaeleza kitabu kinasema nini, upande wa nyuma unataja sehemu mbili tatu za jiji ambazo msomaji anaweza kwenda kwa miguu au kwa daladala akaona kinachozungumziwa.

Nilidhani ni kazi ya jioni mbili. Kadi ya kwanza peke yake imechukua wiki, kwa sababu ya neno moja. Vitabu vinasema nyumba ya Kiswahili ina "veranda". Mimi nikaandika "baraza". Binti wa usanifu akasema sawa. Bibi, aliyekuwa akichambua mchele pale mlangoni, akauliza, "Baraza ipi? Ya kukaa, au mnasema kibaraza cha kupandia?" Akatueleza kwamba palipoinuliwa kwa saruji ili mvua isiingie ndani, hapo ni kibaraza. Baraza ni pale wanaume wanapokaa jioni, na huwa baraza kwa sababu wanakaa. Wasipokaa ni ukuta tu. Mwalimu alisimama, akaifuta kadi yote, akaanza upya.

Nimejifunza hapo kwamba kadi hazitaandikwa kabla ya bibi kusomewa.

22 Februari

Matembezi ya kwanza. Tumeyafanya kabla ya Ramadhani ili mtu asitembee juani na saumu. Tulikuwa kumi na wanne, pamoja na yule kijana wa Kariakoo, sasa yuko kidato cha nne.

Tulianzia Boma la Kale, Sokoine Drive. Mwalimu alisoma maelezo yake kwa sauti: kulikuwa na kijiji cha Mzizima, kisha katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Zanzibar akaanza kujenga mji kando ya bandari hii tulivu. Boma lilijengwa mwaka 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wake. Majid akafa mwaka 1870, na mji ukadorora. Wajerumani wakaingia mwaka 1887, na mwaka 1891 wakahamishia makao makuu yao hapa kutoka Bagamoyo. Watoto walikuwa wakisikiliza nusunusu. Wakaamka binti alipowaambia waweke viganja ukutani.

Ukuta ni wa matumbawe. Pale plasta ilipobanduka unayaona kabisa, yana vishimo kama sifongo, yameshikwa kwa chokaa ambayo nayo ilichomwa kutokana na matumbawe. Juu ni boriti za mikoko, zimepangwa karibukaribu. Binti akauliza: kwa nini vyumba vya nyumba hizi za kale za pwani ni virefu na vyembamba? Hakuna aliyejua. Akaonyesha juu. Boriti ya mkoko ina mwisho wake, haizidi sana mita tatu, na chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko mti unaobeba dari. Ukitaka chumba kikubwa, unakirefusha. Kwa hiyo aliyepanga ukubwa wa sebule za Sultani ni mti wa kwenye matope ya bahari. Hilo nimeliandika kwenye kadi neno kwa neno.

Tulipita Atiman House, nayo ya enzi za Majid, kisha Kanisa la Azania Front lenye mnara wake na paa la vigae vyekundu. Wajerumani walianza kulijenga mwaka 1898 na kulimaliza 1902. Hapo hatukukaa sana. Lina vitabu vingi na picha nyingi tayari.

Mwisho tulisimama kwenye sanamu ya Askari, pale Samora inapokutana na Maktaba Street na Azikiwe. Ilisimikwa mwaka 1927, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann, na Waingereza wakaiondoa. Kila siku tunaizunguka tukiwa ndani ya gari. Leo kijana alikwenda karibu, akainama, akasoma maandishi ya Kiswahili kwenye msingi. Akafika panapowataja wapagazi kuwa ndio miguu na mikono ya jeshi. Akanyamaza. Kisha akageuka akaniambia, "Kaka, hawa ndio wa Kariakoo."

Ndio wao. Lile jibu nililolikosa mwaka jana limekaa katikati ya jiji kwa karibu miaka mia moja, kwa Kiswahili, na magari yanalizunguka.

15 Machi

Ramadhani. Tunafungua baada ya tarawehe, saa tatu hadi saa tano usiku. Wanakuja wengi kuliko nilivyotegemea, hasa wazee, na kitabu cha Mohamed Said kinasomwa kwa sauti barazani. Mzee mmoja amekatiza mara tatu kusema nyumba fulani haikuwa pale, ilikuwa nyumba ya pili yake. Tunaandika yote kwenye daftari la pembeni, na jina la aliyesema, ili wengine wapinge au wakubali.

12 Aprili

Siku mbaya. Boksi la vitabu saba, zawadi ya ndugu yake mwalimu, lilitumwa kwa basi kutoka Arusha. Tuliambiwa lingewekwa ofisini. Tulipofika kulichukua lilikuwa nje, chini ya ukingo wa paa, na mvua ya masika ilikuwa imenyesha usiku kucha. Boksi lilipasuka mikononi.

Nimeumia, na sioni haya kuliandika. Kati ya vitabu vile kilikuwemo Uhuru Street, hadithi fupi za M.G. Vassanji, ambacho mwalimu alikuwa amekitafuta kwa muda mrefu. Kilikuwa kimevimba kama mkate.

Nilichofanya nakieleza kwa faida ya yeyote atakayepatwa na hili. Kitabu kilicholowa usikianike juani: karatasi hujikunja na jalada huachana na mgongo. Nilivisimamisha wima juu ya taulo, vimefunguka kidogo kama kipepeo, feni ikipuliza hewa pembeni, si usoni pao. Kila baada ya kurasa ishirini niliweka karatasi ya tishu nyeupe, na kila saa mbili nikazibadilisha. Kurasa zinazong'aa, za picha, ndizo za kuwahi. Zikikauka zimegusana zinagandana, na ukizivuta zinachanika pamoja na picha. Mama mwenye mgahawa alikesha na mimi usiku wa kwanza. Siku ya nne, vilipobaki na unyevu wa mbali tu, nikavibana kati ya mbao mbili juu yake matofali sita, wiki nzima.

26 Aprili

Sita vimepona. Vassanji ana mawimbi kwenye kurasa zote, lakini anasomeka kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kimoja kimekwisha, ukungu umekula katikati.

10 Mei

Nyumba ya nne kutoka kwa bibi imeuzwa. Aliyenunua atajenga ghorofa. Wapangaji wamepewa hadi mwisho wa Juni.

Binti wa usanifu alikuja na habari hiyo akiwa amekunja uso, akasema: tuna kabati zima la vitabu vya majengo, na ndani yake kuna kurasa ngapi za nyumba kama ile? Tukahesabu. Boma, makanisa, hospitali ya Ocean Road, majumba ya Wahindi yenye roshani, Mlimani, vyote vimo. Nyumba ya vyumba sita, ambayo wengi wa watu wa Dar wamezaliwa ndani yake, ina michoro miwili midogo katika kabati letu lote, na maelezo ya Leslie aliyoyanakili mwalimu. Mwenye nyumba mpya ameturuhusu kuipima kabla haijavunjwa. Nalitaja hilo kwa shukrani.

17 Mei

Tumepima. Futi kamba mbili, ubao wa kuchorea, simu za kupigia picha, na wapangaji wote nyumbani kwa kuwa ni Jumamosi.

Ilala ilianza kupimwa viwanja kama makazi ya Waafrika kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 na kuendelea miaka ya 1930, Kariakoo ilipokuwa imejaa. Mpango wa nyumba ni ule wa Kariakoo. Unapanda kibaraza, unaingia mlango mkubwa, unakutana na ukumbi unaokwenda moja kwa moja hadi mlango wa nyuma. Kulia vyumba vitatu, kushoto vyumba vitatu. Nyuma ni ua, na uani kuna jiko, stoo, bafu na choo. Vyumba vya nyumba hii ni futi 10 kwa 11. Ukumbi ni futi nne na nusu. Kuta za mbele zimeshajengwa kwa tofali za saruji, lakini chumba cha nyuma kushoto bado ni cha asili: miti, fito, udongo na mawe madogo, na juu yake plasta ya chokaa. Pale panya walipochimba tuliona kamba iliyofungia fito, bado imekaza.

Sasa yale ambayo futi kamba haikuyapima. Kuta za vyumba hazifiki juu kwenye bati. Zimeishia kama futi moja na nusu chini yake, na hakuna dari. Binti alieleza kwamba hewa ya moto inapanda na kutokea kwenye matundu ya pembe tatu ya ukuta wa ubavuni, na kwamba milango miwili ya ukumbi ikiwa wazi upepo unapita nyumba nzima. Dada mmoja mpangaji, mwenye miaka kumi na mitatu humo ndani, akaongeza kwamba kwa sababu hiyo hiyo kila mtu anajua mwenzake amekohoa mara ngapi, na kwamba ugomvi wa mume na mke husemwa kwa kunong'ona au husubiri redio iwashwe. Alisema, "Nyumba hii inakufundisha adabu." Mchana watoto wanalazwa mkekani ukumbini kwa ajili ya ule upepo. Jioni wanawake wanasukana hapo hapo. Kila mpangaji anapika mbele ya mlango wake au uani, na zamu ya kufagia imeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango mkubwa.

Kwenye fremu ya mlango wa chumba cha pili kulia kuna mistari ya penseli, mmoja juu ya mwingine, kuanzia usawa wa goti hadi begani kwangu. Urefu wa watoto. Mistari ya chini imeandikwa kwa mwandiko mmoja, ya juu kwa mwingine. Hakuna aliyebaki humo anayejua ni watoto wa nani. Binti aliipima yote na kuiweka kwenye mchoro, kila mstari mahali pake.

Leslie anaeleza jinsi mtu wa Dar alivyoweza kujenga nyumba kidogokidogo, akaishi chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki, nyumba ikawa ndiyo pensheni yake. Tulimsomea bibi kadi hiyo usiku. Akasema baba yake alijenga hivyohivyo, vyumba viwili kwanza, na paa la makuti, bati lilikuja baadaye. Nimeongeza.

14 Juni

Juma hili ni la riwaya, na mama mwenye mgahawa ndiye kiongozi. Hoja yake ni kwamba tumekosea tangu mwanzo kuweka riwaya tabaka la chini. Anasema vitabu vya historia vinakuambia mji ulikuwa na watu wangapi. Mwaka 1967 ulikuwa na takriban 273,000, na sensa ya 2022 imehesabu 5,383,728 katika mkoa mzima. Lakini nani anakuambia mtu aliyetoka kijijini jana anajisikiaje akishuka stendi usiku? Hilo, anasema, limo kwenye riwaya za Kiswahili za mfukoni zilizochapishwa Dar miaka ya 1970 na 1980, mara nyingine na waandishi wenyewe, waliozisambaza kwa mikono yao. Emily Callaci ameandika kitabu kizima kuzihusu, Street Archives and City Life, cha 2017, na kadi yake ndiyo ndefu kuliko zote kabatini. Mama ametoa nakala yake mwenyewe ya Dar es Salaam Usiku ya Ben Mtobwa, kurasa zimelegea kwa kuazimwa.

Nimekubaliana naye. Riwaya zimepanda tabaka la pili, kando ya vitabu vya usanifu.

Tulimaliza kwa kutembea Uhuru Street na Vassanji mkononi, kuanzia Mnazi Mmoja. Zamani barabara hii iliitwa Kichwele. Mnazi Mmoja wenyewe ni uwazi ulioachwa na watawala makusudi, kutenganisha Uhindini na Uswahilini, na sasa ni mahali pa mikutano na mazoezi ya jioni. Hadithi za Vassanji ni za familia za Kihindi zilizoishi juu ya maduka yao. Fundi umeme alisema amevuta nyaya ndani ya nyumba hizo miaka kumi na mbili, na hakuwahi kufikiria watoto waliolala pale dirishani walikuwa wakitazama nini.

Soko la Kariakoo tuliliangalia kwa nje. Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa kwanza nchini, alilichora na lilifunguliwa katikati ya miaka ya 1970. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa, inayokinga mvua na kuiteremsha kwenye nguzo, na kati ya miavuli mwanga na hewa vinapita bila mashine yoyote. Mimi naliona kuwa jengo zuri kuliko yote jijini. Lilichukua wazo la mnazi na mwavuli wa muuza soko, likalifanya zege. Moto wa tarehe 10 Julai 2021 niliuona usiku ule kutoka Ilala, anga limekuwa jekundu. Bado hatuna kitabu cha Kiswahili kuhusu Amuli. Kadi ya soko tumeiandika wenyewe.

5 Julai

Nyumba imevunjwa jana. Mafundi walianza na bati, saa mbili asubuhi, na hadi adhuhuri kuta za udongo zilikuwa chini. Zile za saruji zilichukua muda zaidi. Tuliomba fremu ya mlango wenye mistari. Msimamizi alitupa bila kudai kitu, hata akatuazima mtu wa kuibeba.

Ile kamba ya kufungia fito nimechukua kipande, kama urefu wa kidole.

9 Agosti

Michoro imekamilika. Binti amechora kwa mkono: ramani ya chini, mkato wa ubavu unaoonyesha hewa inavyopita, sura ya mbele, ua na kila chombo kilichokuwemo, na mlango kwa ukubwa wake halisi kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne. Mimi nimechapa maelezo ya wapangaji kama walivyoyasema. Tumewapelekea walikohamia, Mbagala, Gongo la Mboto, mmoja Kibaha, wakaondoa walichotaka kiondolewe. Hakuna jina la mtu humo. Kurasa 64. Nimezishona kwa uzi, nikaweka jalada gumu la kitambaa cha kaki. Ndicho kitabu cha kwanza nilichojalidi ambacho najua kila neno lake lilitoka wapi.

30 Agosti

Vitabu kabatini: thelathini na kimoja. Kadi zilizosomewa bibi na kukubaliwa: kumi na tisa. Fremu ya mlango imesimama pembeni ya kabati, imepigwa dawa ya mchwa, na watoto wameanza kujipima humo. Tumebishana kama waruhusiwe kuandika. Tumeamua wawe wanaandika upande wa pili, kwa penseli, na tarehe.

Kitabu cha nyumba kimepewa namba 31. Leo nilimsomea bibi kuanzia kibaraza hadi choo. Alisikiliza yote amefumba macho. Nilipomaliza akaomba mchoro wa ua, akauweka magotini, akapitisha kidole taratibu kutoka mlango wa nyuma mpaka jikoni. Nyumba ile aliingia tangu utoto. Mwenyewe wa zamani alikuwa somo yake.

"Hapa," akasema, kidole kimesimama kati ya jiko na stoo, "palikuwa na kinu. Kilichimbiwa chini kidogo kisiyumbe. Mmepima wakati kimeshaondoka, lakini shimo lake mngeliona."

Binti akafungua picha za tarehe 17 Mei kwenye simu, akazikuza. Shimo lipo, kama sahani, saruji imepasuka kulizunguka. Amelichora sasa hivi, kwa penseli, na pembeni ameandika: kinu.